Viyoyozi Vikuukuu vya Dirisha Jinja na Mbale: Kipi Kitengenezwe, Kipi Kivunjwe

Kiyoyozi cha dirisha ni mashine nzima iliyotiwa ndani ya sanduku moja la bati. Uso wake hukaa chumbani na mgongo wake hutokeza nje ya ukuta. Ndani yake mna kompresa, koili mbili za shaba zenye mapezi ya alumini, mota moja inayozungusha feni mbili, na mrija mwembamba wa shaba ambamo gesi iliyogeuka maji hupita kwa taabu kabla ya kufumuka na kupoa. Vyote hivyo vilichomelewa kiwandani na kufungwa. Fundi hakuachiwa valvu ya kupimia, kwa kuwa walioiunda walitarajia isifunguliwe kamwe. Mashine hii ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930, ikasambaa baada ya Vita Kuu ya Pili, na siku hizi imesukumwa kando na kiyoyozi cha vipande viwili, ambacho kompresa hubaki nje na sehemu ya kupuliza hutundikwa ukutani. Ndiyo maana kiyoyozi cha dirisha kinachokutwa leo Jinja au Mbale mara nyingi ni kikuukuu, na kinapozima maamuzi ni matatu: kutengenezwa, kuvunjwa kwa ajili ya vipuri, au kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kufanya uamuzi huo kunahitaji kwanza kuitazama hali ya hewa. Miji hii miwili ya mashariki mwa Uganda iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari: Jinja pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, Mbale chini ya majabali ya Wanale, miguuni pa Mlima Elgon. Joto la mchana hucheza karibu na nyuzi 28 na usiku hushuka. Nyumba za zamani zenye veranda, dari za juu na matundu ya hewa juu ya milango hazikuhitaji mtambo wa kupoza. Kwa hiyo kiyoyozi hakikuwa kifaa cha nyumbani. Mahali pa kukitazamia ni benki, ofisi kuu, chumba cha mitambo ya simu, maabara ya hospitali, ghala la dawa na chumba cha kompyuta. Mashine ya ofisi hufanya kazi saa za ofisi tu, na katika hewa isiyo kali kompresa hupata kupumzika.

Jambo la pili ni chumvi. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi yenye unyevu ikitua mahali shaba na alumini zinapogusana, alumini huliwa. Mapezi ya kondensa huanza kumomonyoka kama biskuti iliyolowa, na mashine ambayo kompresa yake bado nzima hufa kwa sababu haiwezi tena kutoa joto nje. Jinja ina unyevu wa ziwa, lakini maji ya ziwa ni matamu. Kiyoyozi cha bara kwa hiyo huzeeka polepole kuliko ndugu yake wa pwani, na mashine ya miaka 30 yenye mapezi mazima si ajabu kubwa huko. Mtu aliyezoea kuhukumu viyoyozi vya Mombasa akivihukumu vya Mbale kwa macho yaleyale atatupa vingi visivyostahili kutupwa.

Historia nayo ina mchango wake. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa Aprili 1954, na umeme wake ukaifanya Jinja mji wa viwanda: nguo za Nyanza Textile, uyeyushaji wa shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, chuma, na sukari ya Kakira jirani. Mbale ilikuwa mji wa kahawa, makao ya Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoundwa mwaka huohuo wa 1954. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Wenye maduka na viwanda wengi wa miji hii walikuwa Waasia, na kuondoka kwao kulikata uzi uliounganisha mafundi na viwanda vya ng'ambo. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kipuri kipya kikawa kitu cha kuotewa ndoto. Miaka mingi ya namna hiyo humfundisha fundi kusuka mota iliyoungua, kuchonga bushi kwa shaba nyeupe, na kutoa uhai katika mashine mbili zilizokufa ili ya tatu iwake. Ufundi huo ulizaliwa na dhiki, lakini ni ufundi wa kweli, na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Kiyoyozi kikiacha kupoza, mwenyewe husema gesi imeisha. Kauli hiyo ndiyo chanzo cha hasara kubwa kuliko zote katika kazi hii. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ileile, ikichemka kwenye koili ya chumbani na kurudi kuwa maji kwenye koili ya nje, miaka nenda miaka rudi. Ikiwa imepungua, basi pana tundu. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kuiuza gesi hiyo kwa hewa, na mteja atarudi baada ya miezi michache kulipa mara ya pili. Tena, kwa kuwa mashine haina valvu, fundi hulazimika kutoboa mrija ili afunge geji zake. Mfumo uliokaa salama miaka 20 huvunjwa ubikira kwa ajili ya kipimo ambacho pengine hakikuhitajika. Gesi iwe kitu cha mwisho kushukiwa.

Cha kwanza kushukiwa ni uchafu. Karibu na ziwa, wadudu wadogo hupanda juu ya maji kwa makundi kama moshi, na feni ya nyuma huwavuta na kuwabandika kwenye mapezi hadi wanakuwa blanketi. Mbale vumbi jekundu la kiangazi hufanya kazi hiyohiyo, na karibu na mashine za kukoboa kahawa huongezeka makapi mepesi ya maganda. Kondensa iliyozibwa haitoi joto. Shinikizo hupanda, kompresa hunywa umeme mwingi, kinga yake hukata, na dalili inayoonekana chumbani ni ileile ya kukosa gesi. Dawa yake ni kuitoa mashine kwenye sanduku lake, kufunika mota na nyaya kwa nailoni, kumwagia koili maji ya sabuni, na kuyanyoosha mapezi yaliyolala kwa kitu chembamba, moja baada ya jingine. Pampu ya kuoshea magari haifai, kwa sababu nguvu yake huyalaza mapezi yote kwa mpigo mmoja. Kazi ni ya nusu siku na haihitaji kipuri hata kimoja. Mashine nyingi zinazohesabiwa kuwa zimekufa hufufukia hapo.

Katika uoshaji huo kuna kosa moja linalorudiwa na hata mafundi wazuri. Chini ya sanduku hukusanyika maji yanayotona kutoka koili ya baridi. Katika mashine nyingi, feni ya nyuma ina bangili pembeni inayochota maji hayo na kuyarusha juu ya kondensa yenye moto, na maji hayo husaidia kuipoza. Mlio wake ni wa maji yanayochezewa. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni hitilafu, huchukua drili na kutoboa sinia ili maji yatoke. Mashine hunyamaza, na tangu siku hiyo hufanya kazi kwa shida zaidi.

Baada ya uchafu huja umeme. Kompresa za mashine hizi huanza kwa msaada wa kapasita, na kapasita ndiyo kiungo kinachochoka mapema kuliko vingine. Iliyovimba kichwa au kuvuja mafuta inajitangaza yenyewe; iliyopoteza nguvu kimyakimya huhitaji mita. Mpya hupatikana Kampala, kilomita 80 hivi kutoka Jinja, au huvuka mpaka wa Malaba na Busia kutoka Kenya, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompresa. Fundi azingatie namba ya maikrofaradi iliyoandikwa, na volti zisipungue zile za awali. Kapasita iliyochomolewa bado inaweza kushika umeme wa kumrusha mtu, hivyo imalizwe nguvu kabla ya kuguswa. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, sumu inayodumu mwilini na ardhini, ambayo Uganda imekubali kuiondoa kwa kujiunga na Mkataba wa Stockholm. Kapasita ya umri huo isipasuliwe wala kuchomwa moto kwa sababu yoyote.

Kompresa yenyewe hupimwa kwa mita ya omu kabla ya kuhukumiwa. Ina ncha tatu: ya pamoja, ya kuendeshea na ya kuanzia. Upinzani kati ya ya pamoja na ya kuendeshea huwa mdogo kuliko wote, ule wa kuanzia huwa wa kati, na ule ulio kati ya kuendeshea na kuanzia hulingana na jumla ya hiyo miwili. Namba zikikataa kujumlika, au ncha yoyote ikigusana na bati la nje, waya za ndani zimeungua. Zikijumlika, kompresa ipewe nafasi nyingine hata kama mwenyewe ameshakata tamaa.

Kinachoziua kompresa hizo ni umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Mashine ikizima, upande mmoja wa mfumo hubaki na shinikizo kubwa na mwingine dogo, na mrija mwembamba huhitaji kama dakika 3 kuzisawazisha pande hizo. Umeme ukirudi kabla ya muda huo, kompresa hujaribu kusukuma ukuta: huguna, hupata moto, kinga hukata, hujaribu tena. Ikifanya hivyo kila wiki kwa miaka, waya zake hukaangika. Kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache na kuukata unaposhuka mno, huokoa kompresa kuliko ukarabati wowote. Kiyoyozi kisirudishwe dirishani bila kifaa hicho. Mashine zilizoletwa kutoka Marekani zina shida ya ziada: ziliundwa kwa volti 115 na mizunguko 60, ilhali umeme wa Uganda ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma hutibu volti, haitibu mizunguko; mota hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya kasi yake. Mashine kama hiyo ni ya kuvunjwa.

Ikithibitika kuwa gesi kweli imepungua, ndipo kazi ngumu inaanza. Tundu hutafutwa kwa kuujaza mfumo nitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye viungo, hasa mikunjo ya koili na mahali mirija inaposuguana kwa mtikisiko. Nitrojeni isipokuwepo, kazi isimame. Karakana yenye mtungi wa oksijeni wa kuchomelea huingia kwenye kishawishi cha kuutumia huo, na oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hakuna kiyoyozi chenye thamani ya mkono wa mtu.

Baada ya tundu kuzibwa, hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu, na hapa mwinuko wa miji hii humchanganya fundi aliyejifunza kwa vitabu vya pwani. Kwenye usawa wa bahari geji ya kunyonya hufika karibu inchi 30 za zebaki. Jinja na Mbale shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani, hivyo geji ileile husimama karibu na inchi 26 hata pampu ikiwa mpya. Fundi asiyejua hilo huilaumu pampu yake, au huhangaika kutafuta tundu lisilokuwepo. Upande wa kujaza gesi, geji husoma karibu paundi 2 zaidi ya jedwali: gesi ya R-22 ambayo pwani ingeonyesha 70 kwa joto la nyuzi 5, hapa huonyesha 72. Tofauti ni ndogo, ila mfumo wa mrija mwembamba hauvumilii makosa. Njia ya uhakika ni mizani. Kibandiko cha kiwandani husema gramu ngapi zinatakiwa, na gesi ipimwe kwa gramu hizohizo, hata kama fundi anajivunia sikio na kiganja chake.

Gesi hiyo, kwa viyoyozi vingi vya dirisha vya zamani, ni R-22. Haibadilishwi ovyo. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi lake kwa zaidi ya nusu, na koili nzee hazikuundwa kubeba mzigo huo. Gesi ya kupikia haifai kabisa: ni mchanganyiko wenye unyevu na dawa ya harufu, nayo hushika moto, ilhali swichi na thamostati za mashine hizi hutoa cheche katika njia ileile ya hewa. Propani safi ya kupoza, R-290, ni gesi njema katika mashine iliyoundwa kwa ajili yake. Kuitia kwenye sanduku la zamani ni kumuwekea karani bomu nyuma ya kiti. Hatari nyingine ni mitungi bandia yenye kloridi ya methili, ambayo hula alumini na kuacha kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mwaka 2011 gesi ya aina hiyo ilisababisha milipuko ya makontena ya baridi iliyoua mafundi. Mtungi wa bei ya kushangaza uogopwe.

R-22 yenyewe inaaga. Huharibu tabaka la ozoni, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko gesi zilizoitangulia, na kilo moja yake hupasha dunia joto mara 1,800 hivi ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Uganda imo, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025. Mwaka 2030 ni kikomo, isipokuwa kiasi kidogo kinachoachwa kwa ukarabati hadi 2040. Maana yake kwa karakana ni nyepesi: R-22 itazidi kuwa ghali na kuwa ngumu kupatikana, na gramu zilizo ndani ya mashine nzee ni mali. Kiyoyozi chenye gramu 600, kikikatwa mrija kwa msumeno na gesi kuachiwa, huipa anga sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, kwa sekunde chache, na hakuna aliyenufaika.

Imebaki hesabu ya umeme, ambayo watetezi wa vitu vya zamani huipita haraka. Kiyoyozi kikuukuu cha BTU 12,000 kinaweza kula kilowati 1.7, na kipya kizuri cha ukubwa huohuo kilowati 1.1. Kwa saa 8 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, kompresa isipopumzika, tofauti ni uniti 125 kila mwezi. Mahali mashine inapofanya kazi usiku na mchana, kama chumba cha seva au ghala la dawa, hesabu hiyo humaliza mjadala: kinunuliwe kipya. Ofisi inayowasha kiyoyozi saa mbili za alasiri wakati wa kiangazi iko mbali na hapo. Kwake mashine iliyooshwa, yenye kapasita mpya na gesi yake ya awali isiyoguswa, itatumika miaka mingi kabla ya bei ya kipya kurudi.

Mpaka kati ya kutengeneza na kuvunja basi uko kwenye kompresa na mfumo wa gesi. Mashine ambayo gesi yake haijaguswa itengenezwe, hata bati lake likiwa na kutu. Yenye tundu moja linalofikika itengenezwe kama karakana ina nitrojeni, pampu na mizani. Yenye kompresa iliyoungua ivunjwe, kwa kuwa kuungua huko huacha asidi katika kila mrija, na kompresa ya pili ikifungwa humo bila usafi wa kutosha huungua nayo. Tangu bajeti ya 2009/10 Uganda imezuia kuingizwa kwa friji na friza zilizotumika, hivyo vipuri vya mitumba vya kazi ya baridi hutegemea zaidi mashine zilizokwisha kuwa nchini. Mashine moja iliyovunjwa kwa uangalifu hutoa mota ya feni, thamostati, swichi, bangili ya maji na uso wa plastiki usiotengenezwa tena popote. Ikifika kwa mnunuzi wa vyuma ikiwa nzima, vyote hivyo hupigwa nyundo, nyaya zake huchomwa moto ili shaba ibaki, na moshi wake huingia vifuani mwa vijana wanaouchochea.

Wizara, hospitali, benki na halmashauri zinazouza vifaa vyao vichakavu kwa mnada ndizo zenye uwezo wa kulirekebisha hili, tena kwa sentensi moja katika tangazo: kiyoyozi kisitoke getini kabla gesi yake haijanyonywa kwenye mtungi na fundi kupewa fursa ya kuchukua vipuri. Mashine ya kunyonyea ni kubwa mno kwa mfuko wa fundi mmoja, lakini si kwa mji. Ikiwekwa katika Chuo cha Ufundi cha Elgon mjini Mbale na nyingine katika taasisi ya mafunzo ya ufundi ya Jinja, ikakodishwa kwa siku kwa mafundi friji wa mtaani, wanafunzi watajifunza juu yake na R-22 itakayookolewa itarudi kuvitia uhai viyoyozi vilivyobaki hadi siku yao ya mwisho. Wakuu wa vyuo na wakurugenzi wa miji wanaombwa walifanye kabla ya 2030.